Jina la Anayetafuta

Kulthumu binti Hamidu hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Nimefanya naye kazi miaka tisa, najua ninachosema. Nusu anakunywa amesimama mlangoni, macho ziwani, na nusu anaisahau popote, mimi ndiye ninayeikuta imepoa juu ya cherehani yangu. Ukimwambia, "Kaa basi, dada," anakujibu kwamba atakaa akifa. Huyo ndiye mkuu wetu.

Chama chetu kinaitwa Tupokeane. Usifikirie jengo la ghorofa na magari meupe ya mashirika ya misaada. Ni kibanda cha bati karibu na mwalo wa Rumonge, hapa Burundi, pale ndagala, dagaa wetu, wanapoanikwa, kina mabenchi matatu, sufuria moja kubwa ya uji na wanawake saba wa mtaa wa Waswahili. Babu zetu walivuka ziwa hili hili kutoka Fizi na Ujiji, kwa hiyo vita vinapopiga upande wa Kongo na mitumbwi ikajaa upande huu, wanaoshuka hatuwezi kusema hatuwajui. Wenye magari meupe wana turubai na orodha. Sisi tuna uji, vyumba vya nyumba zetu, na daftari.

Daftari ni langu, mimi Mariam, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kila ukurasa una safu mbili: anayetafuta na anayetafutwa. Kanuni aliiweka Kulthumu mwenyewe, na alituimbia mpaka tukachoka. Mtu akija anatafuta mke, mtoto, mama, usimwulize kwanza anamtafuta nani. Muulize yeye ni nani. Anayetafutwa hayupo kukujibu, alikuwa akisema, anayetafuta yuko mbele yako, anza naye. Kanuni nzuri. Laiti mwenye kuiweka angeifuata.

Lakini siwezi kusema kosa lake bila kusema habari za mama yake. Bibi Batuli ana miaka zaidi ya sabini, na kila siku anapakua sahani ya mumewe. Mwaka wa tisini na tatu, vita vilipokuwa vya kwetu, mzee Hamidu alimpandisha mkewe na binti yake wa miaka kumi kwenye mtumbwi wa kwenda Kigoma, akasema anakuja na mtumbwi wa pili. Huo mtumbwi wa pili bado unasubiriwa. Walikaa kambini Tanzania miaka, wakarudi Rumonge, wakajenga upya, na bibi hajamsomea mumewe khitma wala hajakaa eda hata siku moja. "Mumeona maiti?" anauliza. Nani ataona maiti katika ziwa lenye kina kama hili? Na kila mgeni anayeshuka mwaloni, kabla hajamaliza uji, bibi anamsogelea na fimbo yake.

"Amahoro, mwanangu. Huko mulikotoka hamukukutana na mutu mumoja anaitwa Hamidu? Mushonaji wa nyavu."

"Mama, waache watu wanywe uji," Kulthumu anafoka, na uso wake unakunjamana kwa aibu. Jina la Hamidu halimo katika daftari langu. Niliwahi kumuuliza mara moja kwa nini, akanijibu nishone nguo za watu.

Sasa basi. Desemba vita vilipofika Uvira, mitumbwi ilikuja usiku na mchana, na katika mmoja alishuka Raisa, mwanamke wa Makobola, na watoto wawili wadogo. Mumewe ni fundi wa mashine za mitumbwi. Alibaki kutengeneza mashine ya mtumbwi uliofuata.

"Atakuja na mutumbwi ya pili," Raisa alisema.

Nilikuwa nimesimama karibu na Kulthumu aliposikia maneno hayo. Aliondoka bila kuaga, akaenda kusimama kwenye maji.

Mtumbwi wa pili ulipinduka. Siku ya tatu alikuja Meshaki, mvuvi tunayemfahamu, mtu asiyesema uongo. Aliokoa watu kumi na mmoja kwa mikono yake. Fundi hakuwamo. Alilolipata ni koti lake, limenasa kwenye bidoni, dumu la plastiki, linaelea, na Raisa alipoliona alilijua kwa viraka alivyovishona mwenyewe.

Shehe Ismaili alisema tungoje. Mtu mmoja kuona koti, alisema, si watu wawili kuona maiti. Kulthumu alimzunguka yule shehe barazani kwake kama nyuki, hakai, hanyamazi.

"Shehe, unataka mwanamke huyu afanye kama mama yangu? Apakue sahani miaka thelathini? Akae eda, alie, amalize, aanze maisha. Ni huruma, Shehe!"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwishowe Shehe akakubali, kwa shingo upande. Tukaweka matanga. Tukasoma khitma. Raisa akavishwa nguo nyeupe, akaingia edani nyumbani kwa Kulthumu, chumba cha nyuma, miezi minne na siku kumi, asitoke wala asionwe na mwanamume asiye maharimu wake. Kulthumu mwenyewe alitia saini karatasi ya wenye orodha: Raisa, mjane, watoto wawili. Bibi Batuli hakuja kwenye khitma. Alikaa jikoni akipepeta mchele, akauliza kwa sauti ya kutosha sisi sote tusikie, "Mumeona maiti?"

Miezi miwili ikapita. Mwishoni mwa Februari lilitoka tangazo: wageni wote wanaolala majumbani Rumonge wapelekwe kambi mpya ya bara, mbali na ziwa. Malori Alhamisi asubuhi. Shehe aliruhusu Raisa asafiri, kwa kuwa ni dharura. Wiki hiyo Kulthumu hakulala wala hakula, alikuwa akikimbia toka kibandani hadi kwa karani wa orodha, toka kwa karani hadi kijiji cha Kizuka kuwaambia wenyeji waliowapokea wageni, na mimi nyuma yake na daftari.

Jumatatu hiyo alikuja mtu mmoja, mwembamba, miguu imevimba, amevaa sweta ya kike ya waridi. Alikuta foleni ndefu, akangoja. Alipokuwa akingoja, mtumbwi mmoja ulikuwa unakataa kuwaka pale mwaloni. Yule mtu akaingia majini, akamwambia mwenye mtumbwi avute kamba, akachukua kijiti, ncha moja akaiweka juu ya mashine, nyingine akaiuma kwa meno, akafumba macho kama anayeonja mchuzi. Kisha akafungua skrubu moja, akapuliza kitu, mashine ikawaka. Wote tulicheka. Mwenye mtumbwi akampa robo kilo ya sukari kwa kuwa hakuwa na kingine.

Zamu yake ilipofika, Kulthumu alikuwa amesimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Natafuta bibi yangu," yule mtu alisema. "Anaitwa Raisa. Iko na watoto wawili. Mi naitwa—"

"Raisa tuko naye mumoja tu," Kulthumu akamkata, "lakini si wako, kaka. Huyo mume wake alikufa mu ziwa. Iko mu eda. Jaribu Nyanza-Lac, kuko wengi walishukia Kabonga."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya safu ya kwanza. Niliinua macho, nikataka kumuuliza jina lake, na Kulthumu tayari alikuwa ameita, "Mwingine!" Nami nikanyamaza. Hilo ni langu, simtwishi yeye.

Yule mtu aliinamisha kichwa. "Innalillahi," akasema. "Mungu amurehemu huyo ndugu." Kisha akatoa ile sukari, akaiweka mezani. "Hii ni ubani. Mumupe huyo mama. Sina kingine." Akashika njia ya kusini.

Jumanne asubuhi nilimpelekea Raisa ubani wake. Alikuwa akifunga virago vya watoto. Ili kumchangamsha nikamwambia umetoka kwa mtu wa ajabu, kavaa sweta ya kike, anatafuta mke mwenye jina kama lako, na kabla ya hapo kaponya mashine kwa kuuma kijiti.

Mkono wake ulisimama.

"Kijiti? Alikiuma?"

"Na macho kayafumba."

Raisa alikaa chini kwenye virago. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Wenzake walikuwa wanamucheka kwa ile. Anasema masikio inadanganya, meno haidanganye." Kisha akaniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. "Mariam, mumemutuma wapi mume wangu?"

Nilimkuta Kulthumu kwa karani. Nilimweleza. Mtu huyu, ambaye miaka tisa sijamwona akisita, aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Mafundi wanaouma kijiti huenda ni wengi. Tukimtoa Raisa edani kwa neno la kijiti, halafu asiwe yeye, tutakuwa tumemzikia mume mara mbili. Na tusipokwenda, Alhamisi lori litampeleka milimani, na mume atavuka kwenda Kigoma akitafuta aliyemwacha nyuma yake. Toka Kabonga hadi mpaka wa Tanzania ni pua na mdomo.

"Twende," Kulthumu akasema.

Twende na nini? Petroli hakuna, pikipiki zote zimelala chini ya miti. Tulipata nafasi katika kamiyoneti, gari dogo la mizigo, iliyobeba bidoni tupu za mawese, tukakaa juu yake, na kila shimo bidoni zililia kama ngoma. Kulthumu aliongea njia nzima, na si na mimi. "Sikumuuliza jina. Alikuwa anasema jina lake, nikamukata. Mimi!" Michikichi ilipita, ziwa likapita, likajificha, likarudi. Kila mwalo alimpigia dereva kofi juu ya bati asimame, akaruka, akakimbia kuuliza. Karonda hawajamwona. Mvugo walimwona: alipita jana jioni, alitengeneza mashine, alikula muhogo, aliuliza wanawake wote jina la Raisa. Nilimwambia Kulthumu angalau tunakwenda njia sahihi. Alinijibu kwamba nyayo za mtu si mtu.

Nyanza-Lac kamiyoneti iliishia hapo. Tulipanda baiskeli za kukodi, sisi wanawake wawili wazima, tumekaa upande upande nyuma ya vijana wanaotweta, na tulifika Kabonga jua limeanza kulainika. Mtumbwi wa Kigoma ulikuwa unapakia. Niliiona sweta ya waridi kabla sijamwona mtu. Alikuwa amekunja suruali, mguu mmoja tayari ndani ya mtumbwi.

Kulthumu hakuita. Aliingia majini na nguo zake zote mpaka kiunoni, akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema, anahema, "jina lako nani?"

Yule mtu alishangaa. "Tahiri. Tahiri wa Makobola. Kwa nini?"

Nilikaa kwenye mchanga nikalia, sina haya ya kusema. Kulthumu alimweleza pale pale majini, bila kujisitiri: koti, Meshaki, khitma, eda, saini yake. Mwenye mtumbwi alianza kugomba, abiria wengine wakamnyamazisha ili wasikie. Tahiri naye akatueleza kwamba alielea na bidoni, akaokotwa na wavuvi wa Ubwari, upande wa Kongo, na akalala huko homa wiki tano. Kisha akakunja uso kama anayehesabu.

"Ile sukari," akasema.

"Ndiyo."

"Nilitoa ubani ya kifo yangu mwenyewe."

Mtu mmoja mtumbwini alicheka. Tahiri naye alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akamnyooshea Kulthumu kidole. "Dada, bibi yangu alikuwa hatua mia toka pale nilisimama. Mi nilisema Mungu amurehemu! Ungeniacha nimalize neno moja tu. Moja!"

"Ungenipiga ningekubali," Kulthumu alisema. "Nisamehe."

"Siwezi leo," alisema Tahiri. "Nipeleke kwanza."

Tulilala Nyanza-Lac kwa binamu yangu, na Jumatano adhuhuri tulikuwa Rumonge. Raisa alikuwa edani bado. Alikuwa amemwambia bibi Batuli kwamba hatoki kwa ajili ya kijiti, atatoka kwa ajili ya mtu. Tahiri aliingia uani akakohoa. Pazia la chumba cha nyuma lilifunguka, Raisa akasimama na nguo zake nyeupe, amemshika mtoto mmoja mkono. Walitazamana. Kisha akageuka, akaingia ndani, tukadhani amezimia, akatoka na lile koti la viraka, akamrushia kifuani.

"Vaa koti lako," alisema. "Unatembea mu watu na sweta ya wanawake?" Na hapo ndipo alipolia, na Tahiri, na watoto, na Meshaki aliyekuwa ameitwa, mvuvi mzima na mabega yale.

Karani alitupa kazi jioni nzima. Orodha inasema mjane, alisema, na mjane hana mume. Tuna papier gani, karatasi gani, ya kuonyesha kwamba huyu bwana hakufa? Tahiri alijitazama mikono. Kulthumu aliomba ile karatasi yenye saini yake, akaandika chini yake, herufi kubwa, kwamba yeye ndiye aliyekosea, si mama huyu wala si mvuvi, akatia saini tena. Sijawahi kumwona mkuu wa chama chochote akifanya hivyo. Karani alikuna kichwa, akabadilisha.

Alhamisi asubuhi malori yalinguruma mbele ya kibanda. Nilikuwa mezani pangu na daftari. Tahiri na Raisa walikuwa wanakunywa uji wa mwisho, koti begani, watoto miguuni. Bibi Batuli alikuja na fimbo yake, pole pole, akasimama mbele ya Tahiri. Nilimwangalia Kulthumu. Alikuwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Mwanangu," bibi alisema, "huko Ubwari ulikolala mugonjwa, haukukutana na mutu mumoja anaitwa Hamidu? Mushonaji wa nyavu. Sasa atakuwa muzee."

Tulingoja Kulthumu afoke. Hakufoka. Tahiri aliweka kikombe chini, akafikiri kweli kweli, kwa heshima, hakukimbilia kusema hapana. "Washonaji wa nyavu ni wengi kule, mama," alisema. "Majina yao sikuyauliza." Kisha akamtazama Kulthumu, na safari hii hakumnyooshea kidole. "Lakini nikipata mutu wa kuenda, nitamutuma aulize."

Malori yakaondoka. Watu wakapungia mikono mpaka vumbi likawameza. Kulthumu alirudi ndani, akakiweka kikombe chake kwenye cherehani yangu, akavuta benchi, lile ambalo wanaotafuta hukalia, akakaa. Miaka tisa. Bibi Batuli akakaa kando yake, fimbo katikati ya magoti.

"Fungua ukurasa mupya," Kulthumu alisema.

Nilifungua. Nilijua anayetafutwa ni nani, lakini kanuni ni kanuni, nilishaivunja mara moja.

"Jina la anayetafuta?" nikauliza.

Bibi Batuli akamgusa Kulthumu goti. Alipojibu, alinipa jina lake zima, pole pole, nami sikumkatiza.